Nyumba ya Hamsini na Moja

Mwanamke wa kwanza kunifungulia mlango katika mtaa wa Kikula aliufunga tena kabla sijamaliza kutaja ofisi yangu. Wa pili alisema mume wake amesafiri. Wa tatu alisema yeye si mwenyeji, amekuja kusalimia tu, na nyuma yake watoto wanne walikuwa wanamwita mama. Kufika saa sita nilikuwa na fishi kumi na moja mkononi, zile karatasi za kujaza habari za kila nyumba, zote tupu, na viatu vyangu vya ofisini vilikuwa vyekundu kwa vumbi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, karani mpya wa takwimu wa mji wa Likasi. Wakati ule mkoa wetu uliitwa Shaba, na kwa amri ya serikali hakukuwa na bwana wala bibi, sote tulikuwa citoyen na citoyenne, raia tu. Nilizaliwa katika kambi ya wafanyakazi. Baba alikuwa fundi wa tanuri katika kiwanda cha kampuni ya madini ya serikali, na kila mwezi mama alienda kantini na gunia tupu akarudi na posho: unga, mafuta, maharagwe, samaki wakavu. Bei ya sokoni haikutuhusu. Tulipougua kulikuwa na hospitali ya kampuni, na tulipokua, shule ya kampuni. Mimi niliendelea mpaka Mulungwishi, kwa wamisionari, na huko nilipata mwalimu wa hesabu aliyekuwa akirudisha daftari la mtu yeyote aliyeandika jibu bila kuonyesha njia. Kwa hiyo nilijua hesabu. Mji wenyewe sikuujua, ila sikujua kwamba siujui.

Kila mwaka barua ilifika kutoka Lubumbashi ikiuliza jambo moja: nyumba ya kawaida ya Likasi inapata kiasi gani? Shefu wangu, mkuu wa ofisi, alikuwa akijibu bila kuinuka kitini. Alipiga simu kwenye ofisi za kampuni, akapewa jumla ya mishahara, akaigawa kwa idadi ya wafanyakazi, akaongeza kidogo kwa sababu nchi inaendelea, akapiga mhuri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, abakosti yake, lile koti la serikali lisilovaliwa na tai, daima imepigwa pasi, na alinigawia karanga zake saa nne. Lakini mwaka ule barua ilidai fishi zijazwe, nyumba kwa nyumba. Ndipo aliponituma.

"Pita kambini, pita Kikula, pita kule juu kwa mainjinia, fika hata mashambani upande wa Buluo," aliniambia. "Nyumba mia moja na moja zinatosha. Ila usisumbuke sana, citoyenne. Namba tunaijua tayari."

Kambini nilimaliza kwa siku mbili. Kila mtu alinionyesha karatasi yake ya mshahara, na mama wa rafiki zangu wakanipa chai. Kwa mainjinia mpishi ndiye aliyenijibu mlangoni, na alijua mshahara wa tajiri wake mpaka makuta ya mwisho, senti zetu za wakati ule. Kikula ndiko nilikokwama. Nyumba za kule watu walizijenga wenyewe, tofali moja moja, na mgeni mwenye kalamu walimjua kwa kazi moja tu, kodi.

Siku ya tatu ya kufungiwa milango niliketi kwenye ubao mbele ya nyumba ya mjane mmoja aliyeuza munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi. Niliagiza kopo moja kwa sababu ya kiu tu. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti nzito kama ya mwanaume, na alinitazama mpaka nikamaliza kunywa.

"Weye njo ule wa bilo?" aliuliza. Bilo kwetu ni ofisi.

"Ndiyo, mama."

"Unatafuta kujua feza ya bantu."

"Si kwa kodi, mama. Nakuapia."

"Bote banasemaka vile." Alichukua kopo langu, akalisuuza. "Na weye, banakulipa ngapi?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo, na nilihisi uso wangu unawaka. Hapo nikaelewa nilichokuwa nikiwafanyia watu siku tatu nzima. Nikamjibu. Nilimtajia mshahara wote, na miezi miwili ambayo ulikuwa umechelewa, na kwamba nusu nilimpa mama. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Mutoto ya masomo! Mwezi ya jua kali minye nakupita. Mwezi ya mvua, weye unanipita kidogo." Kisha akaketi karibu nami kwenye ubao. "Sikia. Usiulize muntu anapata ngapi. Hata yeye hajui. Uliza jana balikula nini, na nani njo aliileta. Kisha uliza juzi. Utaona yote itatoka."

Ilitoka kweli. Alifunga biashara yake alasiri ile, akajifunga kitenge cha pili, akatembea nami kwenye nyumba za jirani. "Huyu ni mutoto yangu," aliwaambia. "Hana mudomo." Na mimi nikaongeza ahadi yangu kwamba sitaandika jina la mtu, nitaandika namba tu. Basi wakasema. Mwalimu aliyevaa abakosti safi alisema mshahara wake haujafika tangu mvua, na kwamba jana walikula bukari, ugali wetu, iliyoletwa na mke wake, ambaye anakaanga mikate. Fundi cherehani alisema analisha nyumba tatu. Mwanamke mmoja alifunga mlango wa mbele, kisha akanipeleka nyuma ya nyumba na kunionyesha pipa la lutuku, pombe kali iliyokatazwa, ambayo ilikuwa imewasomesha watoto wake wote. Mashambani, kwenye njia ya Buluo, mzee mmoja na mke wake walinihesabia magunia ya mahindi na samaki wa mtoni, na waliponiuliza kama samaki waliokula wenyewe wanahesabiwa, nilisema ndiyo, kila kitu kinachoingia chunguni kinahesabiwa.

Nilirudi ofisini na fishi mia moja na moja. Nikazipanga sakafuni, kutoka nyumba inayopata kidogo kabisa mpaka ile inayopata kuliko zote. Safu ilianzia kabatini, ikapita chini ya meza, ikageuka mlangoni. Kisha nikahesabu mpaka ya hamsini na moja, ile ambayo ina nyumba hamsini chini yake na hamsini juu yake, nikaiokota.

Haikuwa nyumba ya mfanyakazi wa kampuni. Ilikuwa ya mjane wa munkoyo.

Nilipiga magoti pale sakafuni kwa muda. Nyumba yetu ya kambini niliiona mbali kule juu, karibu na mlango, na maisha yangu yote nilikuwa nimeamini kwamba sisi ndio watu wa katikati. Nilikuwa nimewahurumia watu wa Kikula kama watu wachache waliokosa bahati. Kumbe sisi ndio tuliokuwa wachache.

Shefu aliruka safu yangu kwa uangalifu, asikanyage karatasi, akatazama ile fishi.

"Hii ndogo mno," alisema. "Umejumlisha na kugawa?"

"Nimefanya hivyo pia, shefu. Inatoka mara tatu ya hii. Lakini nyumba nne za kule juu ndizo zinazoivuta. Ukiziondoa hizo nne, namba inaanguka. Barua inauliza nyumba ya kawaida. Nyumba ya kawaida ni hii hapa."

"Tulipeleka namba mwaka jana. Tulipeleka mwaka juzi. Sasa tuseme watu wameanguka?"

"Hawakuanguka, shefu. Hawakuwahi kuwa kule juu."

Alikaa, akachukua kalamu yake nyekundu, akakata namba yangu, akaandika ile aliyokuwa nayo tangu mwanzo. Kisha akanisogezea karatasi. Pale chini palikuwa pameandikwa: aliyekusanya habari. Alitaka nitie sahihi.

"Sitii," nilisema.

Alidhani hakunisikia vizuri. Nikarudia. Nikamrudishia karatasi.

"Citoyenne, unajua Buluo kuna nini," alisema polepole. Kila mtu alijua. Kule kulikuwa na gereza kubwa.

"Najua, shefu. Nimehesabu nyumba za kule pia."

Akatia sahihi yake mwenyewe. Alasiri ile hakunigawia karanga.

Baada ya wiki chache mkubwa mmoja wa mkoa alikuja Likasi. Ilikuwa Jumamosi ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia barabara na kuzibua mitaro, na watu wa Kikula walikusanywa uwanjani na majembe yao mkononi ili wamsikilize. Mimi nilisimama na wafanyakazi wa mji, pembeni. Alisema juu ya maendeleo. Kisha akatoa karatasi mfukoni na kusoma kwamba, kwa hesabu zilizofanywa hapa hapa nyumba kwa nyumba, familia ya kawaida ya Likasi sasa inapata kiasi fulani kwa mwezi. Akaitaja namba. Ilikuwa ile ya kalamu nyekundu.

Watu walikuwa wanafanya hesabu kichwani. Halafu ile sauti nzito ikatoka katikati ya wanawake.

"Iyo nyumba iko wapi?"

Mkubwa aliinua macho.

"Mutuonyeshe ile nyumba," mjane aliendelea, bila hasira. "Tuko na njaa. Tutaenda kukula kwao."

Kicheko kilianzia kwa wanawake, kikapita kwa wanaume, na sijawahi kusikia tena kicheko cha namna ile. Hata walinzi wawili waliinamisha nyuso. Mkubwa alikunja karatasi yake. Mkutano ukafungwa kwa wimbo wa chama, na kabla wimbo haujaisha vijana wa usalama walikuwa wamemshika mjane mikono miwili, wakampeleka kwenye ofisi ya zoni, ile ya utawala wa mtaa.

Nilienda nyumbani, nikawaeleza yote. Mama aliniambia nisijiingize, baba ana kazi, nyumba hii ni ya kampuni, tutatupwa nje. Alikuwa na haki ya kuogopa. Jumatatu asubuhi nilichukua fishi zangu zote mia moja na moja, nikazifunga kwa kamba, nikaenda kwenye zoni badala ya ofisini.

Afisa aliyekaa pale alikuwa mtu mwembamba, mchovu, mwenye kikohozi.

"Yule mama mulimufunga juu ya namba," nilimwambia. "Ile namba ya kweli ni yangu. Minye njo nilihesabu. Kama kuna bongo, ni bongo yangu, hapana yake."

Bongo kwetu ni uongo. Aliutazama mzigo wangu. "Iko nini?"

"Nyumba za Likasi. Soma mwenyewe."

Alisoma. Sikutegemea asome, lakini alizifungua moja baada ya moja kwa karibu saa nzima, akikohoa, na mimi nimesimama. Alipofika kwenye ile ya lutuku aliuliza ni ya nani. Nilisema sijui, sikuandika majina. Aliuliza tena kwa ukali, na akapiga meza. Nilisema anaweza kunipekua, jina halimo, si kwenye karatasi wala kichwani mwangu. La kichwani lilikuwa uongo, na ndio uongo pekee niliousema katika kazi ile yote.

Mwishowe alifika kwenye fishi moja, akaishika muda mrefu kuliko zingine. Kutoka niliposimama sikuona ni ya nyumba gani. Labda ya kaka yake, labda iliyofanana na ya kwake. Akafunga kamba.

"Ondoa hii takataka hapa," alisema. "Na umutoe yule mama. Anasumbua. Tangu Jumamosi anatuuliza tulikula nini jana."

Alitoka amechafuka, kitenge kimechanika begani, lakini anatembea vizuri. Njiani aliniuliza jambo moja tu: kama ni kweli yeye ndiye wa katikati. Nilimwambia ndiyo. Alifikiri mpaka tukafika kwake.

"Basi bengi banateseka kunipita minye," alisema, na hapo tu ndipo alipofuta machozi.

Mimi nilihamishwa juma lile lile. Hawakunifunga. Walinipeleka kwenye kijiofisi cha kuandikisha watoto wanaozaliwa, upande wa mashamba ya Buluo, chumba kimoja chenye dirisha bila kioo, mwendo wa saa nzima kwa baiskeli kila siku. Shefu aliniaga bila kunitazama. Fishi nilizibeba. Hakuna aliyeziulizia, kwa sababu waliokuwa na ile namba nyekundu hawakuwa na haja nazo.

Lengo lao lilikuwa nichoke. Basi nikaamua kutochoka. Kila kiangazi, Jumamosi baada ya salongo, nilichukua daftari la shule na kupita katika nyumba zile zile mia moja na moja. Hakuna aliyenituma na hakuna aliyenilipa. Familia ikihama niliingia kwa waliohamia. Pesa ilikuwa inapoteza thamani upesi hivi kwamba namba ya mwaka mmoja haikuweza kusimama kando ya namba ya mwaka uliofuata. Zaire, pesa ya wakati ule, za mshahara mzima zilitosha kununua sabuni tu. Kwa hiyo niliacha kuandika zaire. Niliandika meka, kile kipimo cha bati ambacho kwacho wanawake huuza unga sokoni. Nyumba hii ingeweza kununua meka ngapi kwa mwezi? Bati halikujua hotuba za mtu. Kwa namna hiyo miaka iliweza kulinganishwa, na kila mwaka nilinakili kila nyumba kwenye fishi yake, nikazipanga, safari hii uani kwetu, na mawe juu yake zisipeperuke.

Nyumba ya katikati ilibadilika. Mwaka mmoja ilikuwa ya fundi cherehani, mwingine ya mwalimu, ambaye alikuwa ameacha kufundisha na kuuza makala, yaani makaa. Meka zilipungua. Hazikupungua kwa kishindo, zilipungua kama maji katika pipa lenye tundu dogo. Na safu yenyewe ilikuwa inajipanga upya: nyumba za kambini, ambazo mwanzo zote zilikaa kule juu, zilianza kushuka moja moja. Kwanza mishahara ilichelewa. Kisha posho ikakosa mafuta, ikakosa samaki, ikabaki unga, halafu nusu ya unga.

Baba alikuwa akinitazama kila mwaka kutoka kwenye kiti chake cha barazani. Hakuwahi kuuliza. Alikuwa mtu wa tanuri, mwenye alama za moto mikononi, na kampuni ilikuwa fahari yake. Hata soksi za kazi aliziosha mwenyewe. Kiangazi kimoja aliinuka, akaja akasimama juu ya karatasi zangu.

"Sisi tuko wapi?" aliuliza.

Nilijua angeuliza siku moja, na nilikuwa nimejiandaa kumdanganya. Nilikuwa nimemkatalia shefu, nilikuwa nimemkatalia afisa wa zoni, lakini huyu alikuwa baba yangu. Nilinyoosha kidole. Hatukuwa tena kule juu. Tulikuwa upande wa pili.

"Chini ya kati, baba."

"Chini sana?"

"Nyumba kumi na mbili chini."

Aliinama, kwa shida kwa sababu ya magoti yake, akaiokota fishi yetu akaisoma. Mimi nilikuwa nimeandika kila kitu: mshahara wa miezi mitatu usiofika, kibanda cha nyanya ambacho mama alikuwa amekifungua akificha uso wake kwa kitenge ili wake wa kambini wasimwone. Baba alijifanya hajui habari ya kile kibanda. Sasa alikuwa anaisoma kwa mwandiko wangu.

"Hapa umesahau," alisema.

"Nini, baba?"

"Niliuza saa yangu. Ile ya miaka ishirini na tano ya kazi. Tulikula nayo wiki mbili." Akanirudishia karatasi. "Iandike. Kama unaandika, uandike yote."

Kesho yake alibeba mwenyewe ndoo ya nyanya mpaka kibandani, mchana kweupe, akipita katikati ya kambi na kusalimia kila mtu kwa sauti. Mama alitembea nyuma yake bila kufunika uso.

Yule shefu wa zamani alistaafu, akaja mwingine, kijana aliyesoma Lubumbashi. Alinifuata nyumbani mwezi mmoja wa Agosti. Kuna wageni, alisema, watu wa kutoka nje wanaoulizia mapato ya nyumba za Likasi, mwaka kwa mwaka, na katika kabati la ofisi amekuta namba inayopanda kila mwaka kwa kiasi kile kile, kama ngazi. Hata yeye aliona haiwezekani. Ameambiwa kuna mwanamke mwenye madaftari. Ofisi ingeyachukua, na mimi ningerudishwa mjini.

"Hayatoki hapa," nilimwambia.

"Lakini, mama, ni mali ya takwimu."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa ofisi ile kuniita mama. "Ofisi ilikuwa na fishi zangu sakafuni, ikaziruka," nilisema. "Unataka, ukae unakili. Kwa mkono wako. Na uandike mwanzoni namna yalivyopatikana, na uandike kwamba namba ni ya katikati, hapana ya kugawa."

Alitazama abakosti yake, akatazama kiti chetu kilichopasuka, akaketi. Alinakili tangu saa tatu mpaka jua likawa upande wa pili wa nyumba. Mama alimpa bukari na sombe, mboga ya majani ya mhogo, naye akala bila maringo. Mara moja aliinua kichwa na kuuliza kama mwaka mmoja, uliokuwa mbaya kuliko yote, tunaweza kuupandisha kidogo, kidogo tu, ili wageni wasishtuke.

"Washtuke," nilisema.

Akaandika kama ilivyokuwa. Sijui karatasi zake zilifika wapi, wala nani alizisoma. Mimi nilirudishwa mjini, kwenye meza ya dirishani, na Jumamosi iliyofuata nilitoka na daftari jipya.